Namba ya marehemu mzee wangu ina mtu mwingine sasa hivi

mwana_wa_deki:

Wakuu, habari za usiku.

Uzi ni mrefu. Mwenye usingizi alale, atausoma kesho kwenye daladala.

Juzi Jumanne nilikuwa natafuta namba ya fundi bomba kwenye WhatsApp. Nimeandika "ba" tu, jina la kwanza likaja Baba. Ni namba ya mzee wangu, aliyefariki Aprili 2022. Sijawahi kuifuta. Huwa naipita tu, kama unavyopita mlango wa chumba ambacho hakilaliwi. Ila juzi picha imebadilika. Pale palipokuwa na mzee kavaa kofia ya Simba, kaikazia macho kamera kana kwamba inamdai, sasa hivi kuna kijana. Miwani ya jua, kakaa juu ya pikipiki, vidole viwili hewani. Chini kaandika: "Mungu mbele".

Najua kilichotokea, sihitaji kufundishwa. Laini isipotumika muda mrefu inafungwa, namba inarudishwa dukani, anauziwa mwingine. Nilijua kabisa ipo siku. Lakini niliketi pale pale jikoni chini kwenye kigae, nikalia mpaka mke wangu akaja mbio akidhani jiko limenipiga shoti.

Na hapo ndipo kwenye hoja yangu. Msibani sikulia. Mzee wangu wa kunizaa, aliyenilipia ada kwa shilingi mia mia za kwenye kopo la Blue Band, nimemzika macho makavu. Halafu namlilia kwenye picha ya bodaboda.

Ngoja niwaeleze mzee alikuwa nani, maana wa miaka ya 2000 hamtanielewa.

Mzee alikuwa na banda la video Mji Mpya, Morogoro. Banda la mabati, mabenchi sita, televisheni ya inchi 21, deki moja ya VHS ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuipumulia. Dirishani blanketi la kijivu lile zito la kuwasha. Nje kuna ubao, kila asubuhi anaandika kwa chaki: LEO SAA 8 KOMANDO. SAA 10 MHINDI. WATOTO WAKAE CHINI. Kiingilio kilianza shilingi 50, baadaye 100. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni na kopo. Nina miaka tisa, watu wazima wananibembeleza niwakopeshe kiingilio.

Picha za Kizungu ambazo hatukuzielewa zilikuja zimetafsiriwa na Lufufu. Waliomsikia Lufufu wanajua. Jamaa anaongea juu ya sauti ya mwigizaji, anatafsiri, anachomekea na yake. Askari wa Kimarekani msituni anaongea Kiswahili cha mtaani, na sisi tunaona sawa kabisa. Rambo alitukaa vichwani kiasi kwamba hata mfuko wa plastiki tuliuita rambo, tukatumwa sukari na rambo, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mifuko ile tarehe 1 Juni 2019. Mzee siku hiyo alisema, "Wanajeshi wote wale wamemshindwa, kaja kuuawa na waziri wa mazingira."

Mle ndani mzee alikuwa na neno moja. Mtu akifungua mlango picha ikiwa inaendelea, jua likapiga kwenye kioo, anafoka: "Mwanga huo!" Siku nzima ni hilo. Kuna bibi jirani alinuniana naye karibu miezi miwili, kisa alipita nje akasikia "mwanga huo!" akajua ndiye anayetajwa, tena mchana kweupe. Ilibidi mjumbe aitwe, bibi akaingizwa bandani, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara tatu ndipo akaelewa. Akabaki kuangalia Mhindi bure mpaka mwisho.

Kwenye 2008 hivi banda likageuka maktaba ya CD za kukodisha. Bongo Movie ilikuwa imeshika. Kila picha sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na sehemu ya kwanza inaishia mtu kashika kisu. Nyota wa dukani kwa mzee alikuwa Kanumba, bila mjadala.

Mnakumbuka tarehe 7 Aprili 2012? Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka. Kijana wa miaka 28 kaamka hayupo. Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Mpaka saa nne asubuhi rafu ya Kanumba pale dukani imebaki vumbi, kila mtu kakodi, wengine hata maganda wanataka kununua. Mzee akahesabu hela jioni, mara mbili ya mauzo ya wiki, akaziweka mezani akaziangalia kama chakula kilicholala. Jumanne tarehe 10, siku ya maziko, hakufungua duka. Alitoa televisheni nje, akavuta waya, mtaa mzima ukakaa kuangalia bure. Leaders Club hapatoshi, watu wanazimia, Kinondoni makaburini watu wamepanda hadi kwenye miti. Kina mama wa Mji Mpya ambao hawajawahi kufika Dar wanalia kwa sauti. Nikamuuliza mzee, hawa wanamlilia nani, mbona hawamjui? Akaniambia, "Wamemzoea akifa sehemu ya kwanza wanamkuta sehemu ya pili."

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Ngwea kafia Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, na tarehe 6 Juni kaletwa kuzikwa Kihonda, Morogoro, kwetu kabisa. Mimi nilikuwa shabiki wa damu, kuanzia Chamber Squad. Nilitoka Dar usiku nikaenda kusimama barabarani na umati ule. Nililia, wakuu. Nililia kamasi zikanitoka, nimeshikilia bega la mtu nisiyemfahamu mpaka leo. Nikigeuka, namwona mzee wangu kwa nyuma, kavaa koti lake la misibani. Mzee hakuujua wimbo hata mmoja wa Ngwea. Nikamuuliza umefuata nini huku? "Kijana wa watu kaja kulala kwetu, utamwachaje aje peke yake?"

Njiani kurudi ndipo akanisimulia Mbaraka Mwinshehe alivyokufa Januari 1979, ajali ya gari kule Mombasa. Mzee alikuwa na miaka 22. Nchi ipo vitani na Idi Amin, redio imejaa habari za vita, katikati ya hizo ikapenya kwamba Mbaraka hayupo. Hakuna picha, hakuna video. Kuna watu walikataa kuamini miaka na miaka, wakisema kabaki Kenya kuna bendi imemficha. Mzee alisema aliweka sahani ya Mbaraka siku hiyo akakuta anaimba vilevile, ikamkera. "Nilitaka na yeye awe ameguswa kidogo."

Baada ya hapo biashara ikaenda ikisinyaa mikononi mwake. Kanda kubwa ikawa CD, CD ikawa flashi, flashi ikawa memori kadi ya ukubwa wa kucha, watu wanakuja kuwekewa nyimbo mia kwa buku. Mwisho ikawa bando, ambalo halishikiki kabisa, na huwezi kumkodisha mtu kitu ambacho tayari kipo mfukoni mwake. Alifunga 2017. Hakulalamika. Alibaki na simu niliyomnunulia, akawa ananitumia sauti za sekunde nne nne: "Mmeamkaje." "Mvua imenyesha." Sikuwa nazihifadhi. Nilibadilisha simu 2021, zikapotea zote. Hapo naomba msinitukane, nimeshajitukana.

Sasa msiba wenyewe.

Mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa na ninayekaa Dar, kwa hiyo nikapewa ukatibu. Grupu lilifunguliwa saa moja baada ya kupokea taarifa, kufika jioni lina watu 214. Kazi yangu ikawa kuandika majina: fulani 20,000, fulani 50,000, fulani ahadi. Unabandika orodha, mtu anakuja inbox, "katibu umenisahau namba 87". Unarekebisha, unabandika tena. Katikati wanaweka picha za maua na mishumaa. Jeneza, turubai, viti, mchele, gari la kubeba mwili, fulana zenye picha yake, mpiga video. Mjomba ndiye msemaji wa mwisho, na sisi Waluguru mjomba akisema kasema, lakini kila alichosema kilipitia kwenye simu yangu. Siku tatu nimeinamia kioo. Watu wakija kunipa pole nawapa mkono wa kushoto.

Siku ya maziko watani walifanya yao. Mtani mmoja, mzee mwenzake, kachukua kopo, kaweka kigoda getini, kila anayeingia msibani anadaiwa: "Kiingilio mia! Bila mia huoni picha! Watoto wakae chini!" Na kila geti likifunguliwa anapiga ukelele, sauti ile ile ya mzee, puani kidogo: "Mwanga huo!" Nimeambiwa watu walicheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka. Mama yangu, aliyekuwa hajala tangu juzi yake, alicheka akaomba uji. Padri mwenyewe alilipa mia.

Nimeambiwa. Nilikuwa hatua kumi pale nyuma ya nyumba nabishana na mtu wa viti. Niliyaona kesho yake kwenye stetasi ya binamu, sekunde thelathini, mkono unatetemeka. Nikasema jioni nitamwomba anitumie. Jioni nikawa nafunga mahesabu ya kamati. Nilipokumbuka, saa 24 zimepita, imeondoka. Naye alikuwa hajaihifadhi. Mpiga video tuliyemlipa alirekodi ibada, mashada na hotuba ya mwenyekiti wa kamati, dakika kumi na saba.

Nimeandika haya yote kwa sababu mbili. Kwanza, nimpigie yule kijana wa pikipiki au nimwache na namba yake? Pili, kwenye sanduku la bati la mzee nimekuta kanda ya redio, TDK, imeandikwa kwa peni "REDIO/BANDA 97". Zamani mnakumbuka tulivyokuwa tunarekodi: redio mbili zinatazamana, moja inaimba, nyingine inasikiliza, na kuku nao wanaingia humo humo. Inawezekana kuna sauti yake. Nani ana redio kaseti inayofanya kazi ambayo haili kanda?

Chumvi ya Mawe:

Wa kwanza. Naweka mkeka hapa nasoma.

Ngedere Mstaafu:

Mkuu pole. Ila hiyo ya bibi na mjumbe ni chai, tena ya tangawizi.

mwana_wa_deki:

Njoo Mji Mpya ulizia. Bibi mwenyewe alifariki ila wajukuu zake wapo, na wanaitana "mwanga huo" mpaka leo.

MkaaKando:

Nimesoma yote. Mimi nitakuwa mbaya kidogo. Usiisingizie simu, katibu. Watu 214 walichanga kwa siku mbili. Enzi za Mbaraka unazozisifu, mtu anafiwa Mahenge, ndugu wa Dar wanasikia matangazo ya vifo kwenye redio ya taifa wakati maiti ishazikwa, na wengine hawakusikia kwa sababu betri zilikuwa zimeanikwa juani. Babu yangu amezikwa hivyo, baba yangu akafika siku ya tano kwa treni na lori. Hadi anakufa alikuwa akilitaja lile kaburi anasema "wanasema ndiyo lile". Wewe ulikuwepo. Ungeweza kumpa mtu mwingine ile orodha hata nusu saa. Nakuambia hivi kwa sababu mimi pia nilikuwa katibu wa msiba wa mama yangu, na sikumpa mtu mwingine ile orodha kwa makusudi. Ukiwa na orodha mkononi hakuna anayetegemea ulie. Nilijificha humo.

mwana_wa_deki:

Umenigonga panapouma. Sina jibu.

Nyota ya Kisauni:

Poleni sana ndugu yangu, kutoka Mombasa. Kuhusu Mbaraka, wazee wetu huku walimlia vilevile, usidhani alikuwa wenu pekee.

Mimi baba yangu alifariki 2016. Alikuwa mtu wa Leonard Mambo Mbotela. Kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kikianza, nyumbani hata kijiko kilikuwa hakigongi kikombe. Na tukikosea jambo, ukimaliza chai ukaacha kikombe pale pale, hakukupiga: angekutazama tu akauliza kwa ile sauti, "Je, huu ni ungwana?" Tulikuwa twachukia! Ulikuwa wakataka bora upigwe.

Basi Februari 2025 nikasikia Mbotela ameaga. Mtu wa miaka 84, ameishi, amesifiwa, mtangazaji aliyewahi kusomeshwa tangazo la mapinduzi kwa mtutu wa bunduki Agosti 1982 na akaokoka. Hakuna cha kusikitisha kupita kiasi. Lakini walipocheza ile sauti kwenye habari za saa moja, mimi niliinuka nikaenda kuosha vikombe vyote vya nyumba. Vilikuwa visafi.

Kwa hivyo hiyo picha ya pikipiki naielewa.

kakaMbeya_tz:

Kwani Ngwea alikuwa wa Moro? Si tunasema kazaliwa Mbeya.

mwana_wa_deki:

Kazaliwa Mbeya, kalala Moro. Usituletee ugomvi mwingine hapa.

bint_Muscat2:

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Unguja, naishi Oman mwaka wa kumi na moja. Nataka kusema jambo ambalo sijawahi kulisema hata kwa dada zangu.

Baba alifariki alfajiri, akazikwa baada ya sala ya alasiri siku ile ile, kama ilivyo kwetu. Tiketi ningeipata wapi. Kaka yangu akaniambia usilie, shika simu nikuonyeshe. Nikaona yote. Jeneza likitoka mlangoni, wanaume wanapokezana mabegani, kila mtu hatua mbili tatu anampisha mwenziwe. Nikaona udongo mwekundu wa kwetu, nikaona alivyoteremshwa na sanda yake, nikaona kaka yangu mdogo yumo ndani ya kaburi anampokea. Mtandao haukukatika hata mara moja, na siku nyingine zote unakatika nikimpigia mama.

Sasa hebu fikirini. Mama yangu na dada zangu wane walikuwa hapo hapo mtaani, na hawakuona. Sisi wanawake hatuendi makaburini kuzika, tunabaki nyumbani na nyiradi zetu. Mimi niliye mbali kuliko wote, nimekaa kwenye kitanda cha watu nchi ya watu, ndiye mwanamke pekee katika ukoo wetu aliyemwona baba akiingia kaburini. Nilipokwenda nyumbani baada ya miezi minne, mama aliniuliza kwa sauti ya chini usiku: "Hivi walimlaza vizuri?" Nikamwambia walimlaza vizuri, mama. Nikamweleza mkono wa nani ulimshika kichwa. Alinitaka nirudie mara tatu.

Sijui kama nilifanya sawa kutazama. Lakini simu ile siitupi.

MkaaKando:

Dada, nilikuwa na la kuongeza, nimelifuta.

Fundi Spika:

Mleta uzi, turudi kwenye kanda. Usiiweke kwenye redio yoyote ya kuokota. Kanda ya 97 ikikaa kwenye sanduku la bati Moro, joto lile, utepe unagandana. Kwanza izungushe kwa peni ya Bic taratibu mwanzo mpaka mwisho na kurudi, ilegee. Angalia kile kisponji kidogo cha mbele kama kipo, kile kinachosukuma utepe ukutane na hedi. Hedi ifutwe kwa pamba na spiriti. Na ukishaipata redio, fanya kurekodi kwa simu ile mara ya kwanza kabisa inapocheza, usijaribu kwanza. Kanda nyingi za hivyo zinakubali mara moja tu. Mafundi wapo Kariakoo, ila kama mzee alikuwa Moro, mtafute aliyekuwa fundi wa deki yake. Hawa jamaa hawatupi kitu.

Ngedere Mstaafu:

Na mimi niombe radhi kwa ile ya chai. Subiri mrejesho.

mwana_wa_deki:

MREJESHO.

Wakuu samahani kwa kimya, wiki mbili zilikuwa ndefu. Nilipanda treni ya umeme Jumamosi, chini ya saa mbili nipo Moro. Mzee aliyekuwa akisafiri na deki mapajani kutoka Kariakoo, anashuka Msamvu anaikagua kama mtoto mchanga, angeicheka hiyo safari.

Fundi wake yupo hai. Ana meza karibu na sokoni, siku hizi anabadilisha vioo vya simu, lakini chini ya meza kuna boksi la redio zilizokufa kama uwanja wa mifupa. Nilipojitaja akanishika kidevu. Akatoa redio kaseti moja ya milango miwili, akaifungua. Mkanda wa mpira wa ndani umelegea, kauvuta kwa kidole ukabaki hivyo hivyo, kauchomoa, kachukua mwingine kwenye redio nyingine, haukutosha, kachukua wa tatu. Akafuta hedi kwa pamba, pamba ikatoka kahawia. Kisponji kilikuwa kimesagika kuwa unga. Kakata kipande cha kandambili, wakuu, kandambili ya bluu aliyokuwa ameivaa, ukubwa wa punje ya hindi, akakibandika. Nikaweka simu yangu irekodi kama nilivyoelekezwa.

Mwanzo muziki, unavuta miguu, gitaa linalia kama lina homa. Halafu mkanda ukashika, ukakaa sawa. Nyimbo za redioni. Jogoo. Mtu anapiga chafya. Nyimbo tena. Dakika ya ishirini na moja hivi, mlango wa bati unalia, na mzee, karibu kabisa, kana kwamba kasimama nyuma ya fundi:

"Mwanga huo!"

Na sauti ya mtoto: "Baba, ni mimi."

"Hata kama ni wewe."

Mlango unafungwa. Wimbo unaendelea.

Fundi hakuniangalia. Alichukua bisibisi akaanza kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekazwa. Huo ni upande B. Upande A sijausikiliza. Alitaka kuugeuza nikamwambia acha kwanza. Hela alikataa, nikamwachia ya kandambili.

Sasa yule kijana. Sikupiga, nilimwandikia. Nikajitambulisha, nikamwambia namba hiyo ilikuwa ya marehemu baba yangu, sina shida naye, naomba tu kumsalimia. Akajibu baada ya saa moja: "Shikamoo braza. Pole sana. Kumbe alifariki." Yuko Kahama, anaendesha bodaboda, laini kaisajili mwaka jana mwishoni. Anasema anapigiwa sana. Kuna mtu anamuulizia kama bado anauza deki. Kuna mwingine anamdai mzee elfu nane, nimemlipa. Halafu akaandika:

"Braza kuna mama mmoja anapiga kila Jumapili jioni. Nikisema haloo anakaa kimya kidogo halafu anakata. Nilidhani ni mtu ananifanyia michezo nikataka kum-blok. Ndio nani?"

Nikamwomba namba. Akanitumia. Ni ya mama.

Sijamuuliza mama na sitamuuliza. Kijana kaniuliza afanyeje, asipokee? Nimemwambia apokee tu kama kawaida, aseme haloo yake, asikate mpaka yeye akate. Akasema sawa braza, Jumapili jioni huwa napaki mapema.

Nyota ya Kisauni:

Ya Rabbi.

bint_Muscat2:

Mwambie kijana Mungu amlipe.

Chumvi ya Mawe:

Mimi ndiye niliyesema natandika mkeka. Nipo kwenye daladala, Mbezi kwenda Kariakoo, konda kaniinamia ananiuliza, "Kaka umeibiwa simu?" na simu ninayo mkononi.